Risasi ya Chumvi

Mume wangu Zéphirin ana goti linalojulikana kuliko yeye mwenyewe. Ukifika Kindu, mtaa wetu wa Mikelenge, ukauliza nyumba ya Zéphirin Okito, watu watakuuliza ni Zéphirin yupi, maana wako watatu. Uliza nyumba ya goti la risasi, na utaletwa mpaka mlangoni, tena na mtu atakayetaka kukusimulia njiani.

Goti hilo lina kiti chake. Kila mwaka, kabla ya tarehe thelathini mwezi wa sita, watu wa protokoli huja na barua yenye mhuri, na siku ya sikukuu ya uhuru Zéphirin hukaa kwenye tribini, lile jukwaa la wageni, safu ya tatu, nyuma ya wakubwa na mbele ya masista, chini ya kibao kilichoandikwa Majeruhi wa Vita. Siku hiyo huchechemea kwa bidii. Mimi nimekaa na mguu ule miaka mingi na vipimo vyake navijua. Akienda kuchota maji anachechemea sana. Akienda kunywa na rafiki zake hachechemei mpaka wakati wa kurudi. Tarehe thelathini anachechemea hata mama wakubwa wanaziba midomo kwa huruma.

Upande wa ndani wa goti kuna kovu la mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya bia. Hapo ndipo risasi iliingia. Ukimuuliza ilitokea wapi, anainamisha kichwa na kusema haikutoka, imo mpaka leo. Watoto wa mtaa wamekwisha kuweka masikio pale ili waisikie. Masika ikikaribia anasema risasi inanusa mvua. Mwaka mmoja alipanda ndege kwenda matangani Kisangani, na ile mashine ya uwanja wa ndege, ambayo hulia hata kwa kishikizo cha mkanda, ikanyamaza kimya. Akarudi akisema mashine za siku hizi hazizijui risasi za zamani, na watu wakakubali.

Mimi ni Philomène. Nina malewa yangu karibu na gare ya treni, kibanda cha mabati na meza nne, nauza wali na nyama ya mbuzi. Mbuzi nawakata mwenyewe, na sidhani kuna daktari katika jimbo hili aliyefungua magoti mengi kunizidi. Lakini hakuna anayemuuliza mama wa malewa habari za goti. Ukitaka habari za goti unavuka mto mpaka Alunguli, kwa Mzee Hamisi, mvuta viungo, yule aliyemponya Zéphirin risasi bila kisu. Anaitwa Hamisi wa Risasi. Ukutani kwake amechorwa mguu mmoja na risasi kubwa kama ndizi, na maneno: Tunavuta, Tunachoma, Tunarudisha.

Nilinyamaza miaka ishirini na miwili juu ya hayo yote. Sababu ya kunyamaza nitaisema, ingawa hainipi sifa.

Mwaka huu, mwezi wa nne, binti yetu Christelle alianguka uwanjani. Ana miaka ishirini na miwili, ndiye mshambuliaji wa timu ya wanawake ya komini, yaani kata yetu, na fainali ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Ilikuwa mechi ya mazoezi tu, Jumapili baada ya misa. Alikimbia na mpira, akataka kugeuka kushoto, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Hakuna aliyemgusa. Nilikuwa nimekaa mbali, kwenye kivuli cha ukuta, na mlio niliusikia, kama kuni kavu inayovunjwa. Akasimama, akapiga hatua mbili, goti likamkimbia, akaanguka tena. Tulipofika nyumbani lilikuwa limevimba kama papai.

Jumatatu tukampeleka kwa Béatrice. Béatrice ni kine, yaani kazi yake ni kufundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi upya. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi, na watu wakimwita daktari anakataa, jambo ambalo kwetu hapa ni kituko. Akamlaza Christelle, akamkunja goti, akaukalia mguu wake kwenye vidole ili usiteleze, akashika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta kwake polepole. Akafanya hivyo mguu mzima kwanza, kisha ule mbovu. Akarudia mara ya pili.

"Mushipa ya ndani ya goti, ile ya mbele, njo imekatika," akasema.

Zéphirin aliruka kwenye kiti, akasahau kabisa kuchechemea.

"Mushipa? Mama, huyu ni mutoto mwanamuke! Mushipa ni ugonjwa ya wanaume! Mukisema katika mutaa mutoto yangu iko na mushipa, nani atakuja kumuoa?"

Kwetu mushipa ni kila kitu. Unaopitisha damu ni mushipa, unaovuta kidole ni mushipa, unaouma mgongoni ni mushipa, na ule unaovimba ndani ya suruali ya mwanaume mpaka anatembea kama bata, nao ni mushipa. Neno ni moja, na Zéphirin, kama kawaida yake, alichukua lile la suruali.

Béatrice alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Papa, tuache mushipa. Tuseme kamba." Akaweka ngumi moja juu ya nyingine. "Mufupa mbili zinasimama vile. Zinashikwa na kamba ine. Mbili ziko pembeni. Mbili ziko ndani kabisa, zinapitana. Hii ya mbele inakataza muundi kuteleza mbele. Njo imekatika. Njo maana goti inamukimbia."

"Inaweza kukatika bila muntu kukugusa?" Christelle akauliza.

"Mara mingi njo vile. Unakimbia, unageuka gafula, muguu unabaki."

Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama kalenda ukutani, mwezi wa mwaka jana.

Béatrice akaeleza kazi yenyewe. Kwanza kutuliza uvimbe: kupumzika, kitambaa kilichofungiwa barafu, bendeji, mguu juu ya mto, mikongojo. Kisha kulifundisha goti kunyooka na kukunjika, kisha kuyapa nguvu mapaja, maana nyama za paja zinaweza kufanya sehemu ya kazi ya kamba iliyokwenda. Operesheni ipo, mbali, katika miji mikubwa, na hiyo itaamuliwa baadaye, kama goti likiendelea kumkimbia. Mpira, si chini ya miezi tisa.

"Na kuvuta?" Zéphirin akauliza.

"Kuvuta nini, Papa? Hakuna mufupa yenye ilitoka."

"Na moto?"

"Goti imejaa damu. Ukitia moto itavimba zaidi. Na kamba haiponi na moto."

Christelle alikuwa anahesabu kwa vidole. Siku kumi na mbili, miezi tisa. Akalia. Akapangusa uso na jezi, kisha akasema lile neno nililokuwa naliogopa tangu uwanjani.

"Papa ilikuwa risasi, na Mzee Hamisi alimusimamisha. Ya miye ni kamba tu. Kamba si inafungwa?"

"Inafungwa," akasema Zéphirin, kifua mbele.

Mzee Hamisi alipopelekewa habari akajibu: siku saba, na fainali atacheza. Akaahidi kuvuka Jumamosi asubuhi. Hapo nikaona kwamba uongo wetu, ambao miaka yote ulikuwa unakaa kwenye tribini bila kumdhuru mtu, sasa umeshuka na unamshika mtoto wangu mguu. Akivutwa na kuchomwa, atachechemea maisha yake yote kama baba yake, na yeye hataandaliwa hata kiti.

Ijumaa mchana nilimkuta Zéphirin uani anakata kucha.

"Umuambie mutoto," nikasema.

"Nimuambie nini?"

"Unajua."

Akaendelea na kucha. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Weye njo ulisema risasi, Mama Christelle. Miye siku ile sikusema kitu. Nilikuwa nalia."

Na ni kweli. Sasa niseme.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na mbili. Mji ulikuwa umezungukwa na wapiganaji wa msituni. Treni haiji, baiskeli za wachuuzi wa Kibombo haziingii, mashamba yaliyokuwa nyuma ya nyumba ya mwisho yalikuwa nchi nyingine. Watu wa leo wakisimulia vita wanasimulia bunduki. Mimi nikikumbuka vita nakumbuka chumvi. Hapakuwa na chumvi. Tulichoma majani ya mtoni, tukachuja majivu yake, tukatia yale maji machungu katika sombe, majani yetu ya muhogo, na kujidanganya. Nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba ya Christelle, na nilitamani chumvi hata nikawa nalamba jasho mkononi mwangu. Usicheke. Au cheka, mimi pia nacheka sasa.

Chumvi ilikuwepo kwa wanajeshi waliokuwa wameshika mji. Chumvi, na mpira. Wakubwa wao wawili waliwekeana dau ndani ya kambi yao, kikosi kwa kikosi, raia hawaruhusiwi hata kuchungulia. Mmoja wao alikuwa hana mshambuliaji. Akauliza, akaambiwa mtaani kuna kijana anaitwa Zéphirin. Wakamwita. Sharti lilikuwa fupi: goli moja, kopo moja la chumvi.

Alifunga. Kipindi cha pili, bila mtu karibu naye, akageuka, mguu ukabaki. Kuni kavu ileile. Yule mkubwa alikuwa mtu wa neno lake, hilo nampa. Askari wawili walimrudisha mume wangu juu ya toroli, kopo la chumvi katikati ya mapaja, akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Na mchana uleule risasi zilikuwa zimelia upande wa njia ya Kibombo.

Majirani wakatoka. "Nini? Risasi?" wakauliza.

Nililitazama lile kopo. Mtaa mzima ulikuwa unakula majivu, na mume wangu ametoka kucheza mpira na wale waliokuwa wanatupiga viboko barabarani. Nikavua kitenge cha begani, nikakitupa juu ya mapaja yake.

"Risasi," nikasema.

Neno moja. Jioni ile nilitia chumvi katika sombe, nikala sahani mbili, na sijawahi kula chakula kitamu namna ile mpaka leo. Jirani aliyekuja kumpa pole shujaa nilimpa kiti. Sombe sikumpa, angejua.

Mzee Hamisi, wakati ule bado si mzee sana, aliitwa. Risasi hakuiona, na kichwa chake si kibovu. Alisema goti limetoka, akalivuta mpaka Zéphirin akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Kisha akachukua jiwe la mtoni, akalipasha moto kwenye mbabula, jiko la makaa, akalifunga jani la mgomba na kulibana pale penye uvimbe. Jani likaungua kabla ya ugonjwa. Ndilo lile kovu. Majirani walipoliona wakasema, tazama, ndipo ilipoingia. Hamisi akawasikia, akatazama kazi yake, na siku ile akapata jina jipya. Tangu hapo Zéphirin hakukanyaga hospitali kwa ajili ya goti. Daktari angelipiga picha, na katika picha ile risasi ingetafutwa na kukosekana. Miaka ishirini na miwili mume wangu aliogopa picha kuliko maumivu.

Jumamosi asubuhi Hamisi alifika na mfuko wake, na kanzu safi. Nyuma yake majirani kama kumi, kwa sababu hakuna sinema inayoshinda kumwona mtu mwingine akivutwa. Christelle alikuwa kwenye mkeka uani, goti bado limejaa, anatabasamu kwa woga. Hamisi akaweka mbabula, akapanga mawe matatu ndani ya makaa, akaanza kunawa.

Mimi nilikuwa nimechinja mbuzi mapema. Nikatoka jikoni na mguu wa nyuma, nimekwisha kuutoa nyama, mifupa miwili tu na goti lake, nikauweka juu ya kinu mbele ya mzee.

"Mama Christelle, tutakula mbele ya kazi?" akauliza Hamisi. Watu wakacheka.

"Hapana, Mzee. Nataka unifundishe."

Nikalikunja lile goti la mbuzi, nikajaribu kuuvuta muundi mbele. Haukuja. Nikampa jirani mmoja avute, naye akashindwa. Kisha nikaingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko cha goti, ndani kabisa, pale zinapopitana zile kamba mbili nyeupe ambazo kila mkata nyama anazijua kwa sababu ndizo za mwisho kukubali kisu. Nikakata ile ya mbele, hiyo tu. Nikavuta. Muundi ukaja mbele kama mtoto wa meza.

"Hii njo goti ya Christelle," nikasema. "Kamba yenyewe hii hapa. Ona, kichwa moja imerudi huku, ingine huku, na ncha zake zimeachana. Haya, Mzee. Vuta, choma, rudisha. Nifungie hii moja tu, na nitakupa mbuzi mzima."

Hamisi akaushika mguu, akaugeuza, akaunusa, sijui kwa nini. Akaurudisha juu ya kinu.

"Mbuzi si muntu," akasema.

"Sawa. Tuache mbuzi, tulete muntu."

Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na ukuta. Nikamshika mkono, nikamketisha kwenye mkeka, nikamkunja goti la risasi na kuukalia mguu wake, mimi na uzito wangu wote, kama nilivyomwona Béatrice akifanya.

"Mama Christelle, haya! Mbele ya bantu!" akasema.

Haya yangu niliiacha kwenye toroli mwaka elfu mbili na mbili. Nikavuta muundi. Ukaja. Nikamvuta ule mguu mwingine, haukuja. Nikauchukua mkono wa Christelle, nikauweka juu ya goti la baba yake, nikavuta tena ili asikie mwenyewe.

"Ni kama ya mbuzi," akasema taratibu.

"Ni kama ya weye."

Nilidhani nimemaliza. Nimejisifu mapema maisha yangu yote na siku ile pia. Hamisi alikohoa.

"Bila shaka iko vile," akasema kwa upole. "Risasi ilikata kamba. Na miye nilimusimamisha vilevile, bila kamba. Anatembea, hatembei? Kila mwaka munamuona kule kwa tribini. Sasa kama nilishinda risasi, nitashindwa na mupira?"

Majirani wakaguna kukubali. Nami nikabaki nimekalia mguu wa mume wangu, kisu mkononi, na jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa kinywani mwangu toka zamani. Nilijiona nimekamatwa, na aliyenikamata ni mimi.

Christelle akatazama goti lake, akatazama baba yake.

"Mzee, endelea," akasema. "Fainali iko Ijumaa."

Hamisi akachukua koleo, akatoa jiwe kwenye makaa, akalifunga jani la mgomba. Jani likaanza kutoa moshi, na ile harufu ikajaa uani. Mimi niliikumbuka. Zéphirin aliikumbuka zaidi. Akanisukuma, akatambaa kwenye mkeka kwa mikono na magoti yote mawili, na Hamisi alipoliteremsha jiwe, kiganja cha mume wangu kilikuwa kimekwisha kulifunika goti la mtoto. Jiwe likatua juu ya mgongo wa kiganja kile.

Hakuita mama yake safari hii. Alisema tu, meno yamebana, "Haikuwa risasi."

Hamisi akaliondoa jiwe.

"Nini, Papa?" Christelle akauliza.

"Haikuwa risasi. Hii ni moto ya jiwe yake. Risasi haikuwako hata siku moja. Nilianguka mu mupira, miye peke yangu, hakuna muntu alinigusa. Na kutoka siku ile sijatembea muzuri. Hakunisimamisha. Nilisimama bule."

"Ulikuwa unacheza na nani?"

Akawatazama majirani, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamekula majivu pamoja nasi.

"Na bale. Mu kambi yabo."

Mama mmoja mzee akatema mate pembeni, akainuka na kwenda zake. Wengine wakabaki, kwa sababu hasira ni nzuri lakini mwisho wa habari ni mzuri zaidi.

"Ulifunga?" Christelle akauliza.

Ni mshambuliaji, ungetarajia nini.

"Moja."

"Walikupa nini?"

Zéphirin akanitazama mimi. Alikuwa amekwisha kusema sehemu yake, na iliyobaki ilikuwa yangu. Nikaweka kisu chini.

"Chumvi," nikasema. "Kopo moja. Nilikula miye, na weye tumboni. Na miye njo nilisema risasi. Baba yako alikuwa analia tu."

Christelle alitutazama kwa zamu, kama mtu aliyepewa wazazi wa mtu mwingine. Hamisi alikuwa anamwagia maji mawe yake na kuyarudisha mfukoni, taratibu, kwa heshima zote. Mlangoni akageuka akasema kwamba hata hivyo alikuwa amezuia goti lisiwe baya zaidi. Kuna watu hata ukiwavua nguo wanakushukuru kwa upepo.

Majuma mawili Christelle hakusema nasi ila ya lazima. Fainali aliitazama akiwa na mikongojo, timu yao ikafungwa mbili kwa sifuri. Lakini kwa Béatrice alikwenda, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Uvimbe ukashuka. Goti likanyooka. Akaanza kuinua mguu ulionyooka, amelala chali, mara kumi na tano, anapumzika, mara kumi na tano tena, na siku moja, bila kuulizwa, akamchukua baba yake akaenda naye.

Béatrice alimpima, akalipiga lile kovu kidole, akasema kamba hairudi tena, na kwamba angekuja miaka ishirini iliyopita lingekuwa jambo jingine. Lakini paja bado linaweza kufundishwa. Kuhusu moto juu ya kiganja alimpa dawa ya kupaka. Kovu lile la pili limebaki, dogo, la kahawia. Sijawahi kumsikia akilionyesha kwa mtu. Mimi nalitazama anapokula, na nasema wazi kwamba nampenda kwa ajili ya hilo, ingawa yeye sijamwambia, atavimba kichwa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita watu wa protokoli wakaja na barua yao. Zéphirin akawaambia ukweli wote, amesimama, hachechemei. Haikuwa risasi, ilikuwa mupira, tena pamoja na adui. Yule kijana wa protokoli alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Papa, listi imekwisha kupigwa muhuri," akasema. "Sasa tutaandika nini? Kuja tu."

Hakwenda. Tarehe thelathini, saa nne, spika za tribini zilikuwa zinasikika mpaka kwetu. Walisoma majina ya majeruhi wa vita, wakafika kwa Papa Zéphirin Okito, shujaa wetu aliye hapa pamoja nasi, na watu wakapiga makofi. Baadaye tulisikia kwamba kiti hakikukaa wazi. Kilikaliwa na Mzee Hamisi, ambaye jina liliposomwa alisimama na kupunga mkono.

Shujaa mwenyewe alikuwa uani, kwenye mkeka, sambamba na binti yake, na mguu hewani. Béatrice alikuwa amewaongezea uzito: kilo moja ya kitu chochote, ikifungwa kwenye kifundo cha mguu. Christelle alikuwa amekwenda sokoni akarudi na pakiti za chumvi. Nilipomuuliza kwa nini si mchele au mchanga, ambao ni wa bure, akaanza kumfunga baba yake ya kwanza.

"Kumi na moja," alikuwa anahesabu. "Kumi na mbili. Papa, usikunje."

"Iko nzito," akasema Zéphirin.

"Iko kilo moja. Inua."

Nilikuwa mlangoni, nachambua sombe, nawacheka. Ndipo nikaona kando ya mkeka pakiti ya tatu, imekwisha kufungiwa kitambaa chake.

"Na ile ni ya nani?" nikauliza.

"Ya weye, Mama," akasema Christelle, bila kusimamisha hesabu.

"Miye? Goti yangu iko nzima."

"Najua."

Nikangoja Zéphirin acheke. Hakucheka, alisogea tu kidogo kunipa nafasi. Basi nikaweka sombe chini, nikavua kandambili, nikalala kwenye mkeka na kunyoosha mguu, na mtoto wangu akaja kunifunga ile chumvi.